Wanaume 36 Waliokubali Njaa



Sisi tuliosomea ualimu tulizoezwa kumwamsha mtoto anayesinzia darasani. Kwa miaka mingi tulifanya hivyo bila kumwuliza jana usiku alikula nini. Tulimwita mvivu, alipokasirika, tukamwita mkaidi, alipoiba andazi la mwenzake, tukamwita mwizi. Historia tunayoileta mbele yenu leo ndiyo iliyotufanya tuyajutie maneno hayo.

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaacha mamilioni ya watu katika Ulaya na Asia bila chakula. Ilionekana wazi kwamba vita ikiisha itabidi kuwalisha watu waliokonda hata mbavu zao zikahesabika. Lakini waganga hawakujua vema wawalishe nini, wala kwa kiasi gani. Ancel Keys, mtaalamu wa elimu ya mwili katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikusudia kulitafuta jibu. Alihitaji watu wazima wenye afya, watakaokubali kukondeshwa kwa hiari yao.

Aliwapata miongoni mwa vijana waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri. Wengi wao walitoka katika Makanisa yenye mapokeo ya amani, kama Waquaker na Wamennonite, na serikali ilikuwa imewapa kazi za utumishi badala ya jeshi. Walijitolea zaidi ya 200. Wakachaguliwa 36, wenye umri wa miaka 22 hadi 33. Waliwekwa katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa Chuo.

Kuanzia Novemba 1944 walilishwa vizuri kwa majuma 12, ili ijulikane hali yao ya kawaida. Kisha, tarehe 12 Februari 1945, chakula chao kilipunguzwa hata kufikia nusu hivi. Walikula mara mbili kwa siku: mkate, viazi, kabichi, makaroni, yaani chakula cha Ulaya iliyoharibiwa na vita. Na kila juma walipaswa kutembea kilomita 35. Hali hiyo ilidumu majuma 24.

Wengi wetu hudhani kwamba mafuta ya mwili ni ziada tu. Sivyo. Mafuta ni ghala. Huweka akiba ya nguvu, huhifadhi joto, huzikinga figo na viungo vingine visiumie. Mwaka 1994 wataalamu wa New York waligundua hata homoni inayotoka ndani ya mafuta na kuuarifu ubongo kama akiba ingalipo. Habari hiyo inapopungua, mwili hufunga milango yake mmoja mmoja: hupunguza joto na hudhoofisha uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana mwanamke aliyekonda kupita kiasi huweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikalegea. Na ghala linapokaribia kuwa tupu, mwili huzidi kuila nyama yake wenyewe, hata nyama ya moyo.

Hayo ndiyo yaliyowapata wale 36. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo, yaliyokuwa 55 kwa dakika, yalishuka hadi 35. Katika joto la Julai waliomba blanketi. Walikalia mito, kwa maana matako yao hayakuwa tena na mafuta, na kiti cha mbao kiliwaumiza mifupa. Nywele zilianguka. Miguu na nyuso zilivimba maji, kama tunavyoona kwa watoto wenye bwaki, hata mtu asiyejua angeweza kudhani wameshiba.

Lakini yaliyompata Keys kwa mshangao mkubwa zaidi yalihusu roho na akili. Vijana hao walikuwa wapole na wenye elimu. Walikuwa wamekuja kwa upendo wa jirani. Sasa waligombana kwa mambo madogo. Walijitenga, wakaacha kucheka. Waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama sala, wakaramba sahani mbele ya wenzao bila haya. Wengine walikula kwa siri, wakadanganya, hata ikaamriwa kwamba asitoke mtu peke yake. Mmoja, wakati ambapo chakula kilikuwa kimeanza kuongezwa, alijikata vidole vitatu kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kama alikusudia au la.

Je, walikuwa watu wabaya? Walikuwa wale wale waliochaguliwa kwa uthabiti wao. Hakuna kilichobadilika ila chakula.

Kuwaponya hakukuwa kazi ya siku chache. Keys aliwagawa katika vikundi, akawaongezea chakula kwa viwango mbalimbali. Vitamini peke yake havikuwasaidia. Kuongezewa kidogo hakukutosha. Ilibidi wapewe chakula kingi kuliko cha mtu wa kawaida, kwa miezi, na wengine walikaa muda mrefu bila kuhisi shibe hata tumbo lilipojaa. Mwaka 1946 kilitolewa kijitabu cha kuwaongoza watoa misaada, na mwaka 1950 maelezo kamili yalitoka katika mabuku mawili.

Ndugu, katika nchi yetu vita imewaondoa wengi mashambani mwao, na baadhi yao wamekuja kukaa katika mitaa yetu. Tunawasikia wakinung'unika, wakisukumana penye msaada, wakificha kidogo walichopata. Tumewahi kusema, hata baada ya Misa: "Hawa watu hawana shukrani." Wanaume 36 wa Minnesota wanatukataza kusema hivyo. Wao walijua siku ambayo njaa yao itakwisha. Mkimbizi haijui siku yake.

Basi katika mashirika yetu tushike mambo mawili. Aliyekonda sana, au aliyevimba miguu, apelekwe mapema kwenye kituo cha afya, kwa maana moyo wake nao umekonda, na kumshibisha ghafula kwaweza kumwua. Na kabla ya kumhukumu mtu kwa tabia yake, tumwulize kwanza alikula lini. Swali hilo tungemwuliza yule mtoto aliyesinzia. Hatukumwuliza.