Kazi ya Mpira wa Kikapu Kigali na Misukosuko Yake

Mpira wa kikapu ulichezwa nchini Rwanda kwa miaka mingi kabla haujawa kazi, yaani shughuli ambayo mtu huifanya kwa mkataba, hulipwa mshahara na kuitegemea kwa riziki yake. Shirikisho la mchezo huo, FERWABA, liliundwa mwaka 1974, lakini kizazi kilichokua chini yake kilikatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambamo aliuawa mchezaji Emmanuel Ntarugera, aliyejulikana zaidi kwa jina la Gisembe, na ambaye mashindano ya kumbukumbu yamepewa jina lake.

Mchezo ulipofufuka, ulijengwa juu ya mabega ya taasisi: APR ni klabu ya jeshi, REG ni ya shirika la umeme, na Patriots, iliyoanzishwa mwaka 2014, ndiyo iliyokuja kushindana nazo. Mfumo huo uliwapa wachezaji mishahara, na hilo si jambo la kubezwa, ila uliifunga riziki yao kwenye bajeti za wamiliki ambao kikapu si shughuli yao kuu.

Mwezi Agosti 2019 ulifunguliwa huko Remera, jijini Kigali, ukumbi wa Kigali Arena, wenye viti 10,000 na uliojengwa kwa takriban miezi sita, ambao tangu 2022 unaitwa BK Arena kwa mkataba na Benki ya Kigali. Hapo ndipo ilipochezewa, mwezi Mei 2021, Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoundwa na ligi ya NBA ya Marekani kwa ushirikiano na FIBA, shirikisho la dunia, baada ya ugonjwa wa korona kuuahirisha msimu uliopangwa kuanzia Dakar mwezi Machi 2020. Klabu 12 zilikusanywa Kigali na kutengwa na watu wengine ili kuzuia maambukizi, na kila klabu iliruhusiwa wachezaji wanne tu wa kigeni, wasiozidi wawili kati yao wakiwa wa kutoka nje ya Afrika.

Uchache wa nafasi hizo ndio unaoeleza malalamiko ya Terrell Stoglin, Mmarekani wa klabu ya AS Salé ya Morocco. Katika msimu wa 2011/12 alikuwa ameongoza kwa ufungaji katika ligi ya vyuo vikuu alimochezea timu ya Chuo Kikuu cha Maryland. Kisha akasimamishwa kwa mwaka mmoja kwa kukiuka kanuni za nidhamu za wanamichezo wa chuo hicho, akaondoka, hakuchaguliwa na klabu yoyote ya NBA, na akaanza maisha ya kuhama nchi baada ya nchi akifuata mikataba mifupi. Kigali alikuwa mfungaji bora wa mashindano, kwa wastani wa zaidi ya pointi 30 kwa mchezo. Wakati huohuo Patriots ilimsajili mwanamuziki wa Kimarekani J. Cole, aliyecheza michezo mitatu, akafunga pointi tano kwa jumla, kisha akaondoka. Stoglin alisema hadharani kwamba mtu mwenye kazi nyingine na fedha tele alikuwa amechukua nafasi ya mtu anayeishi kwa mchezo huo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa, ingawa umaarufu wa Cole uliitangaza ligi changa, gharama ya tangazo hilo ilimwangukia mchezaji asiyejulikana aliyebaki nyumbani bila mkataba.

Wanawake hawakupata hata fursa ya kulalamikia uchache wa nafasi, kwani BAL ni ya wanaume peke yao, ingawa timu ya wanawake ya Rwanda ilishika nafasi ya nne barani katika ukumbi huohuo mwaka 2023.

Msukosuko mwingine ulitokana na siasa. Mwezi Machi 2024, Dynamo ya Burundi, nchi iliyokuwa imefunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari, ilikwenda Pretoria kushiriki BAL, ambayo jezi za timu zake zilibeba nembo ya utalii ya Rwanda, mfadhili wa ligi. Wachezaji waliifunika nembo hiyo katika mchezo wa kwanza na kuwashinda Cape Town Tigers. Waliposhikilia kutoivaa, walipokonywa michezo miwili iliyofuata, na kwa kanuni za ligi wakaondolewa mashindanoni bila kushindwa na timu yoyote uwanjani.