Namba Zinazooana: Injini, Chasi na Tatizo la Neno "Orijino"

Mnadi wa magari ya kale Marekani ana maneno mawili ambayo huyatoa mapema, kabla hajasifia rangi wala viti: "matching numbers". Akiyatamka kwa haki, bei hupanda. Asipoyatamka, wanunuzi wazoefu huuliza kulikoni. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "namba zinazofanana", na mwenye haraka zaidi ataandika "gari orijino". Wote wawili watakuwa wamempoteza msomaji, na upotevu huo unaweza kumgharimu mamia ya maelfu ya dola.

Tuanze na chuma chenyewe. Katika miaka ya 1960 injini ya gari la Marekani kwa kawaida haikutengenezwa mahali pamoja na gari. Bloku ilimiminwa kwenye kalibu katika kiwanda kimoja, ikaunganishwa kuwa injini katika kiwanda kingine, kisha ikasafirishwa hadi pale magari yalipoundwa. Wakati wa kumiminwa, bloku iliachiwa alama za kudumu: namba ya aina yake na tarehe. Chevrolet waliandika herufi ya mwezi, siku, na tarakimu ya mwaka. Injini ilipokamilika iligongwa tarehe nyingine pamoja na herufi za kuonyesha imekusudiwa gari gani. Mwisho kabisa, ilipokutanishwa na gari lake, mara nyingi iligongwa sehemu ya namba ya gari hilo, ile ambayo sisi huku huiita namba ya chasi. Giaboksi nayo ikagongwa vivyo hivyo.

Chukua Camaro ya 1969 iliyoundwa Norwood, jimbo la Ohio. Namba iliyo kwenye dashibodi, inayosomeka kupitia kioo cha mbele, inaanza na 124379N, kisha tarakimu sita. Kwenye bloku, kibati kidogo kilicholainishwa kinaanza na 19N, kisha tarakimu zile zile sita. Moja ni Chevrolet, tisa ni mwaka, N ni Norwood. Ni dhahiri basi kwamba namba hizi hazifanani. Wala hazilingani, maana tarehe zake ni lazima zitofautiane: bloku imiminwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, gari liundwe mwisho. Gari la Machi lenye bloku ya Mei ni ushahidi wa uongo hata kama kila tarakimu inang'aa.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, nacho ni kuoana. Tunasema maelezo ya shahidi hayaoani na ya mwenzake, au rangi ya shati haioani na ya suruali. Hatumaanishi kwamba vitu hivyo ni sawasawa. Tunamaanisha kwamba vinakubaliana vikiwekwa pamoja. Kwa hiyo napendekeza "namba zinazooana", na gari lenyewe liitwe "gari la namba zinazooana". Mafundi wenye utani watasema injini na chasi zimefunga ndoa, na sitawazuia.

Wazo hilo si geni kwa mwenye gari wa Afrika Mashariki. Kadi ya gari ya Tanzania ina namba ya chasi na namba ya injini, na Kenya mwenye kubadilisha injini anatakiwa kuingiza mabadiliko hayo katika kumbukumbu za usajili. Huku, hata hivyo, namba zikigombana tunashuku wizi au ukwepaji wa kodi. Kule, kwa magari haya, wanashuku historia.

Kwa nini injini ibebe uzito wote huo? Jibu liko katika jinsi kila kampuni ilivyoandika namba zake. Plymouth Barracuda ya 1971 inayoanza na BS27R1B inajieleza yenyewe: B ya kwanza ni Barracuda, 27 ni gari la paa la kukunjwa, tarakimu 1 ni mwaka, B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Ile R katikati ndiyo yenye fedha. Inamaanisha injini ya Hemi yenye inchi za ujazo 426, takriban lita 7, ambayo vyumba vyake vya mlipuko vina umbo la nusu tufe. Hata injini ikifa na kutupwa, R inabaki kwenye dashibodi ikishuhudia kwamba gari lilitoka kiwandani na Hemi. Magari ya namna hiyo ya mwaka huo yaliyo na paa la kukunjwa yanahesabika kwa vidole. Moja liliuzwa mnadani Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Camaro haina ushahidi wa aina hiyo. Ile 124 mwanzoni inasema tu kwamba ni Camaro ya silinda nane. Haitofautishi injini ya mama wa kwenda sokoni na injini ya mashindano. Kumbukumbu nyingi za kiwandani za Chevrolet kwa magari yaliyouzwa Marekani hazikuhifadhiwa, ingawa zile za magari yaliyouzwa Kanada zipo. Bila karatasi, bloku ndiyo shahidi mkuu. Bloku ikiondoka, Camaro adimu na Camaro ya kawaida iliyovalishwa nembo zinaweza kukaa uwanja mmoja na mtu asijue ipi ni ipi.

Na hapo ndipo ilipo Camaro ZL1, gari linaloonyesha utata wote kwa mkupuo. Kwa modeli ya 1969, Fred Gibb, muuzaji wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza magari 50 yenye injini ya inchi za ujazo 427 ambayo bloku yake ilikuwa ya aluminiamu. Agizo lilipita njia ya pembeni ya maagizo maalumu ya ofisi kuu, na lilipewa namba 9560. Lengo lilikuwa kutimiza idadi iliyotakiwa ili gari likubaliwe kwenye mashindano ya kukimbia robo maili. Wauzaji wengine wakaongeza maagizo yao, jumla ikawa magari 69. Karatasi zilisema nguvu farasi 430. Hakuna aliyeiendesha aliyeamini. Bei nayo ilipita dola 7,000, zaidi ya mara mbili ya Camaro ya kawaida ya silinda nane, na magari mengi ya Gibb yakarudishwa kiwandani kwa kukosa wanunuzi.

Sasa fikiri: gari lilitengenezwa ili likimbizwe hadi injini ilie. Baadhi ya injini hizo zilipasuka, zikabadilishwa, gari likaendelea na mashindano. Leo tunamlaumu mwenye gari wa 1970 kwa kutokuwa na injini ya kutoka nayo kiwandani, ilhali alilitumia gari kwa kazi ile ile lililoundiwa. Naona lawama hiyo ni ya kipuuzi kidogo, lakini soko halisikilizi hoja yangu.

Palipo na bei ya namna hiyo hapakosi waghushi. Kibati chenye namba kwenye injini nyingi za Chevrolet kiko sehemu moja na uso wa bloku unaokaliwa na silinda hedi. Bloku ikipelekwa kuskimiwa ili uso unyooke, namba hufutika pamoja na chuma kilichokwanguliwa. Hivyo bloku isiyo na namba si lazima iwe ya mwizi. Huenda ilipita tu kwa fundi mwema miaka arobaini iliyopita. Tatizo ni yule anayegonga namba mpya mahali pa ile iliyofutika, au juu ya bloku ngeni kabisa. Wakaguzi hawaishii kusoma tarakimu. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka sambamba juu ya uso huo, na chuma kilichokwanguliwa baadaye huacha mchoro tofauti, mara nyingi wa kuzunguka. Huangalia pia umbo la tarakimu, kina chake, na kama zimegongwa kwa mkono uliotetemeka. Namba za namna hiyo Kiswahili hakihangaiki kuzipa jina: ni namba za kughushi. Ila kuna bloku halali zilizotolewa na General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, badala ya zilizoharibika ndani ya dhamana, zikagongwa herufi CE. Hizo hazidanganyi mtu. Zinasema wazi kwamba injini ya kwanza ilikufa.

Turudi kwa neno "orijino", maana ndilo linalovuruga zaidi. Ukienda Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukauliza kama spea ni orijino, unauliza kama imetengenezwa na kampuni yenyewe au ni feki. Pampu ya maji mpya iliyo ndani ya boksi la kampuni ni orijino. Mkusanyaji wa Camaro angekukatalia. Kwake pampu hiyo ni halisi, lakini si ile iliyotoka na gari. Anachotafuta ni kitu kile kile, kilichofungwa na mikono ile ile, siku ile ile. Kwa maana hiyo, rangi iliyopasuka inaishinda rangi mpya. Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 iliuzwa Kissimmee, Florida, Januari 2020 kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada, na haikuwa imerembwa. Makovu yake yalikuwa sehemu ya thamani. Kwa hiyo "orijino" tuiachie kazi yake dukani. Kwa maana ya wakusanyaji tuseme "ya kutoka nayo kiwandani", au kwa kifupi "ya kutoka nayo".

Pia tuache kuita kila kitu "kubadilisha injini". Kushusha injini, kuifungua, kuweka pistoni na ringi mpya na kuirudisha ni matengenezo tu. Namba zinaendelea kuoana. Kuweka bloku nyingine ya aina ile ile, iliyomiminwa majuma machache kabla ya gari kuundwa, ni jambo jingine. Hiyo ningeiita injini ya rika moja: si ndugu wa kuzaliwa naye, ila ni wa umri na kabila lake. Wakaguzi waaminifu huitaja hivyo bila kuipaka mafuta, na gari lake hubaki na heshima. Jambo la tatu ni kuchukua gari la 1969 na kulifunga injini ya kizazi kingine, kwa mfano zile za familia ya LS ambazo General Motors waliziingiza na Corvette ya 1997: nyepesi, zinawaka asubuhi bila kubembelezwa kabureta, na hazinywi mafuta kwa fujo. Hapa neno ni kupandikiza, kama madaktari wanavyopandikiza figo. Hospitali imeshatuzoesha neno hilo, nalo linabeba wazo la kiungo kilichotoka kwenye mwili mwingine.

Wanaochukia upandikizaji husahau historia ya magari wanayoyaabudu. Pontiac GTO ya 1964 ilitokea pale John DeLorean na wenzake walipoiweka injini ya inchi 389 ndani ya Tempest, wakati General Motors ilikuwa imekataza kupita 330 katika magari ya ukubwa huo. Cobra ya Carroll Shelby ya 1962 ni kigari cha Kiingereza, AC Ace, kilichopandikizwa injini ya Ford ya silinda nane. Magari yote mawili ni matunda ya injini kuwekwa pasipotarajiwa.

Kisa cha Don Yenko kinauma zaidi. Mwaka 1967 Camaro haikuuzwa na injini ya inchi 427, kwa sababu kampuni ilikataza. Yenko, muuzaji wa Canonsburg, Pennsylvania, akanunua Camaro mpya, akang'oa injini iliyokuja nayo, akafunga 427, akaiuza kwa jina lake. Leo gari hilo ni lulu. Lakini injini ya kutoka nayo kiwandani ndiyo ile aliyoing'oa! Ukiitafuta na kuirudisha mahali pake, namba za kiwandani zitaoana vizuri kabisa, na Yenko yako itakuwa imekufa. Hapo ushahidi unaotakiwa ni wa karakana ya Yenko: risiti, karatasi za mauzo, na bloku ya 427 ya tarehe inayokubalika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Istilahi "namba zinazooana" itumike kwa maana yake finyu: alama za injini, giaboksi na gari zinakubaliana kuhusu kuzaliwa kwake. Haisemi kwamba gari ni zima, wala kwamba ni bora, wala kwamba halijawahi kuguswa. Mwenye Camaro ya kawaida, ya aina iliyotengenezwa kwa maelfu mengi, apandikize anachotaka na aifurahie barabarani. Mwenye ZL1 ambayo bado ina bloku yake ya aluminiamu asithubutu. Na kama lazima, asikate chuma cha gari, na injini iliyoshushwa ihifadhiwe pamoja na gari na iuzwe nalo.

Nawe msomaji uliye Houston au Dubai unayejadiliana na dalali kwa simu, usiulize kama gari ni orijino, maana atasema ndiyo na huenda asiwe amedanganya. Kabla ya kutuma hata dola moja, mwambie akutumie picha mbili: ya namba iliyo nyuma ya kioo cha mbele, na ya kibati cha bloku kikiwa kimefutwa kwa kitambaa tu, bila msasa.