Kaplong hadi New York: mbali kwa nani?

Mtu akiniuliza New York ni mbali kiasi gani na hapa Kaplong, mimi namrudishia swali: mbali kwa nani?

Hesabu ni rahisi. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 11,800. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, ni kama saa 15 hewani. Kurudi ni kama 14, juu kule juu upepo huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Ongeza matatu ya kutoka stegi yetu, Bomet, Narok mpaka Nairobi, saa nne au tano hivi. Ukihesabu mwendo peke yake, siku haiishi kabla hujafika Marekani.

Sasa skizeni hii. KQ ilipata Dreamliner yake ya kwanza 2014. Ndege ya kufika huko ilikuwepo. Lakini Marekani iliidhinisha usalama wa anga wa Kenya Februari 2017. Hakuna kilomita iliyopungua hapo katikati. Kilichokuwa kinangojwa ni karatasi.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1959, Kenya ikiwa bado koloni, kuna vijana walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, wengine hadi na ufadhili wa masomo. Nauli ndiyo hawakuwa nayo. Tom Mboya akaenda Marekani kuchangisha. Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba msaada. Septemba hiyo ndege ya kukodi ikabeba wanafunzi 81 hadi New York. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai akaenda kwa mpango huohuo. (Babake Obama hakuwa kwenye ndege ile ya 1959, ingawa watu hupenda kusema hivyo.)

Mboya hakupunguza umbali hata kwa hatua moja. Alitafuta nauli, basi.

Ndiyo maana hizi stori za "dunia imekuwa kijiji" hazinibambi. Majani chai yanatoka Kericho na Bomet, yanapigwa mnada Mombasa, yanafika Pakistan na Uingereza, na hakuna mtu anayeyauliza yatarudi nyumbani lini. Lakini kijana aliyeyachuma, hata akiwa na barua ya chuo mkononi, anangoja siku ya mahojiano ya visa huku babake akipiga hesabu ya ng'ombe wa kuuza. Kwake saa 15 ni za watu wengine. Safari yake inaweza kumaliza miaka miwili kabla hajaona ndege.

Kwa hivyo mwanasiasa akija hapa Kaplong kutuambia vijana fursa ziko nje, tafadhali msimpigie makofi haraka. Muulizeni kwanza: na nauli?