Homa na Malengelenge ya Mdomo: Kipi Huanza?

Mtu akiugua homa kisha akatokwa na malengelenge mdomoni, wengi wetu husema ni joto la homa limetokea pale. Wazo hili ni la kale sana.

Yapata mwaka wa 100 baada ya Kristo, daktari wa Roma aliyeitwa Herodotus aliandika kuwa homa za kawaida zikifika kilele, vipele hutokea kando ya mdomo. Jina herpesi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutambaa. Kwa karne nyingi watu waliamini kuwa homa ndiyo huzaa vidonda hivyo.

Katika karne ya kumi na tisa, Émile Vidal wa Ufaransa alionyesha kuwa malengelenge haya huambukizwa kutoka mtu hadi mtu. Basi hayakuwa joto tu.

Watoto je? Zamani meno yanayoota yalisingiziwa karibu kila homa ya mtoto. Mwaka wa 1938, daktari Katharine Dodd na wenzake huko Nashville, Marekani, waliwachunguza watoto wenye homa, fizi zilizovimba na vidonda mdomoni. Walichukua vijidudu kutoka kwenye vidonda hivyo, wakavijaribu kwa sungura, wakathibitisha ni virusi vya herpesi.

Hapo hadithi ikageuka. Katika maambukizi ya kwanza, virusi ndivyo huleta homa. Mtoto huchemka mwili, hulialia, hutokwa na mate mengi, tezi za shingo huvimba, naye hukataa kula. Homa yaweza kutangulia vidonda kwa siku moja au zaidi. Hata mtu mzima anayepata herpesi ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza aweza kuumwa kichwa, mwili na misuli, akadhani ni mafua.

Mwaka wa 1939, Macfarlane Burnet na mwenzake huko Australia walieleza kuwa wengi huambukizwa utotoni na virusi hubaki mwilini maisha yote. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu. Baadaye malaria, mafua, jua kali au uchovu huviamsha. Kwa hivyo Herodotus hakukosea kabisa: yeye aliona virusi vikiamka.

Dawa ya asiklovia ilitokana na utafiti wa kundi la Gertrude Elion wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka wa 1988. Hupunguza makali, lakini haiondoi virusi mwilini.

Mama, historia hii ina faida gani kwako?

Kwanza, usiseme "ni meno tu" wala "ni malaria tu". Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe, na mwonyeshe mhudumu mdomo wake. Asikwaruzwe fizi wala kung'olewa meno machanga.

Pili, vidonda hivi kwa kawaida hupona katika wiki moja hadi mbili. Hatari kubwa ni mtoto kukauka maji kwa sababu kumeza kunauma. Mnyonyeshe mara kwa mara. Aliyeanza kula mpe maziwa au uji uliopoa, kidogo kidogo kwa kijiko. Usimpe machungwa wala ndimu. Akikojoa kidogo sana, akilegea, au akikataa kunywa kabisa, mpeleke hospitali mara moja.

Tatu, mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa nyanya yake mpendwa. Anawe mikono kabla ya kumbeba. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja, virusi hivi vyaweza kufika kwenye ubongo na kumuua. Homa yoyote katika umri huo, au mwili kuwa baridi na kukataa kunyonya, haingoji asubuhi.

Nne, mama mjamzito mwenye vidonda sehemu za siri, mwambie muuguzi wako kliniki bila aibu, kabla ya uchungu kuanza. Hapo mtoto ataweza kukingwa.

Mwambie na jirani yako mwenye mtoto mchanga.