Istilahi za Mahakamani: Jinai na Madai (Nakuru na Bonde la Ufa la Kati)

Istilahi za mahakamani ni maneno yanayotumika kufungua, kuendesha na kumaliza kesi. Nchini Kenya mengi yametoka katika Katiba ya 2010, Kanuni ya Adhabu na sheria za utaratibu wa kesi. Mengine yamezaliwa vinywani mwa makarani, askari na mahabusu. Katika Bonde la Ufa la kati husikika kwenye Mahakama Kuu za Nakuru na Naivasha, na kwenye mahakama za mahakimu za miji kama Molo, Nyahururu na Eldama Ravine. Sheria inaruhusu mahakama ya hakimu itumie Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Ndiyo maana Kiswahili cha sheria kimekomaa zaidi huko chini, na huko ndiko wananchi wengi wanakoishia.

Jambo la kwanza la kujua ni mwenye kesi ni nani. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na faili lake huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeibiwa ng'ombe au kupigwa rungu huitwa mlalamishi, lakini mbele ya hakimu yeye ni shahidi tu. Anayeiendesha kesi ni kiongozi wa mashtaka, kwa niaba ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wengi hawalijui hilo hadi siku wanapofika kituoni kusema wamekwisha kusameheana na jirani, wakaambiwa kesi haiishi hivyo. Kiongozi wa mashtaka ndiye anayeomba kuiondoa, na mahakama ndiyo inayokubali au kukataa. Kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida, sheria inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho. Kwa makosa mazito, msamaha wa mlalamishi hauifungi kesi.

Kesi ya madai ni ya mwenye kuifungua. Yeye ni mdai, mwenzake ni mdaiwa, na hakuna anayepelekwa jela kwa kushindwa. Kinachotafutwa ni pesa, ardhi, au amri ya kumtaka mtu atende jambo fulani au aliache.

Tukio moja linaweza kuzaa kesi za aina zote mbili. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru, maji yakafagia makazi yaliyokuwa chini yake na kuua watu wasiopungua 47. Mmiliki wa shamba, meneja wake na baadhi ya maofisa wa serikali walifikishwa katika mahakama ya Naivasha kwa mashtaka yaliyojumuisha kuua bila kukusudia, wakayakana. Hiyo ni jinai. Waathiriwa nao walifungua kesi ya kudai fidia. Hiyo ni madai. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia huru washtakiwa, ikiulaumu upande wa mashtaka kwa kusuasua; mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi ianze upya. Kuachiliwa huru katika jinai hakumzuii aliyeumia kudai fidia, kwa kuwa kipimo cha ushahidi si kimoja. Katika jinai kosa lazima lithibitishwe pasi na shaka yoyote ya maana. Katika madai yatosha upande mmoja uonekane kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kweli.

Katika jinai mtu huitwa mshukiwa tangu anapokamatwa, na huwa mshtakiwa anaposomewa mashtaka. Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiangukia siku isiyo ya kazi, apelekwe siku ya kazi inayofuata. Hati ya mashtaka hueleza kosa, kifungu cha sheria, mahali na tarehe. Kusomewa ni shughuli ya asubuhi, na huenda kasi: karani anasimama na rundo la mafaili, anaita jina, anasoma shtaka kwa lugha mshtakiwa anayoielewa, kisha anauliza, "Ni kweli au si kweli?" Akisema si kweli, huandikwa kwamba amekana. Akisema ni kweli, kazi bado haijaisha. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 katika kesi ya Adan, ambao hadi leo hutajwa katika rufaa za Kenya, hakimu anatakiwa ayaandike majibu kwa kadiri iwezekanavyo kama mshtakiwa alivyoyatamka, kisha kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake hubadilishwa kuwa kukana. Rufaa nyingi zimefaulu kwa sababu hatua hiyo ilirukwa.

Dhamana ni haki ya kikatiba, isipokuwa pawepo sababu nzito za kuizuia, kwa mfano hatari ya kutoroka au ya kuwatisha mashahidi. Dhamana ya pesa taslimu hulipwa mahakamani kwa risiti na hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa hakukwepa kufika. Bondi haihitaji kulipa pesa siku hiyo: mdhamini huweka hatimiliki ya shamba au kitabu cha gari, naye hudaiwa kiasi kilichotajwa mshtakiwa akitoroka. Asiyeweza lolote kati ya hayo hurudishwa rumande. Kesi kutajwa ni kuitwa kwa ajili ya kupanga mambo, na shahidi hahitajiki. Kesi kusikizwa ndiyo siku ya ushahidi. Kuchanganya hayo mawili kumewagharimu watu nauli nyingi kutoka Kuresoi hadi Molo bure.

Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Asipokuwa nayo, huachiliwa huru papo hapo. Akiwa nayo, hujitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au hunyamaza, na kunyamaza si kosa. Kuna tofauti pia kati ya kuachiliwa huru na kuondolewa mashtaka. Mashtaka yakiondolewa kabla ya utetezi, mtu anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Magazeti huandika "aachiliwa" kwa yote mawili, na msomaji akadhani mambo yamekwisha.

Neno lililowahi kutikisa Bonde la Ufa ni nolle prosequi, uwezo aliokuwa nao zamani Mkuu wa Sheria wa kusitisha kesi. Aprili 2005 Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, askari wa Huduma ya Wanyamapori, katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita. Mwezi uliofuata Mkuu wa Sheria Amos Wako aliisitisha kesi, na Wamaasai wakaandamana. Mei 2006 mtu mwingine, Robert Njoya, aliuawa kwa risasi katika shamba hilohilo, na Cholmondeley akashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Hakimu hana mamlaka ya kusikiliza kosa hilo, hivyo kesi ilikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Washauri wa mahakama, raia ambao siku hizo waliketi na jaji na kutoa maoni yasiyomfunga, walisema hana hatia. Mei 2009 jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, yaani kuua pasipo nia ovu iliyotangulia, na kumhukumu kifungo cha miezi minane, akizingatia karibu miaka mitatu aliyokaa rumande. Washauri wa aina hiyo wameondolewa katika sheria. Na chini ya Katiba ya 2010, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama, badiliko ambalo lingefaa kuja kabla ya 2005.

Katika sheria, kuua kwa kukusudia hubeba adhabu ya kifo, lakini Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuifanya adhabu hiyo ya lazima kunakwenda kinyume cha Katiba. Adhabu ya juu ya kuua bila kukusudia ni kifungo cha maisha. Wizi wa mifugo, kosa lisiloisha katika mahakama za eneo hili, una kifungo cha hadi miaka 14, ilhali wizi wa kawaida una miaka mitatu.

Madai huanza kwa hati ya madai na wito kwa mdaiwa. Mdaiwa akipuuza, mdai anaweza kupata hukumu ya upande mmoja. Zuio ni amri ya kusimamisha jambo, kwa mfano kuuza shamba, hadi kesi isikizwe. Fidia ni malipo ya hasara. Mfano mkubwa wa fidia hapa ni wa Waogiek wa msitu wa Mau: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara za mali na 100,000,000 kwa machungu. Hukumu ya madai haijitekelezi yenyewe: mshindi huomba mahakama itoe amri ya utekelezaji, na asiyelipa huweza kutembelewa na madalali wa mahakama.

Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyopo pia Nakuru. Sheria yake ya 2016 inataka uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Madai yana ukomo wa muda: miaka mitatu kwa majeraha ya ajali, sita kwa mikataba, 12 kwa ardhi.

Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, ndani ya siku 14 kwa jinai na 30 kwa madai. Siku huhesabiwa tangu uamuzi kutolewa, kwa hiyo omba nakala siku hiyohiyo kabla hujaondoka mahakamani.