Habari za Gita la Besi na Mkono wa Mpigaji

Katika chuo cha ualimu ninamofundisha pana chumba kidogo cha muziki, na ndani yake, nyuma ya ngoma na kinanda kibovu, limetundikwa gita moja la besi. Ni zuri mno kwa kutazamwa. Umbo lake limepinda kama bawa la ndege, rangi yake ni ya zambarau iliyoiva, na kila kundi jipya la wanafunzi likiingia chumbani humo, mkono wa kwanza hunyoshwa kulielekea. Kiwanda kilicholitengeneza sitakitaja.

Mwaka mmoja msichana wa mwaka wa pili alilichukua gita hilo, likawa halimtoki mikononi. Alikuwa na sikio jema. Wimbo akiusikia mara moja aliweza kukuimbia sauti yake ya chini pasipo kukosea. Lakini gita likamshinda. Mwezi wa kwanza alilalamika kiwiko. Mwezi wa pili kifundo cha mkono wa kushoto kikamvimba. Mimi nilimwambia aongeze mazoezi. Naungama hapa kwamba nilisema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimelijaribu gita lile likanishinda, nikaona haya kukubali. Hata siku moja akanijia akasema, "Mwalimu, naona mimi sikuumbiwa muziki," akalirudisha ukutani.

Juma hilohilo tulitembelewa na mzee mmoja aliyepiga besi katika bendi za Nairobi tangu ujana wake. Akalitungua gita, akautia ukanda begani, kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kulifanya: akaondoa mikono yote miwili. Papo hapo kichwa cha gita kikashuka kuelekea sakafuni, kama ng'ombe anayeinamia maji. Mzee akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "binti huyu hakuwa akipiga gita. Alikuwa akilibeba."

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Habari za gita la besi aghalabu husimuliwa na watu waliolitazama au waliolisikia, nao husimulia majina makubwa na nyimbo zilizovuma. Nataka nikusimulie upande wa pili, yaani habari za waliolilalia kitanda hicho: wapigaji waliolipenda gita fulani kwa macho na kwa masikio, wakatamani kulipenda kwa mikono pia, wasiweze.

Zamani sauti ya chini katika bendi ilitolewa na besi ya kusimama, ile fidla kubwa kuliko zote, ambayo hupita kimo cha mtu. Uzi wake, kutoka daraja hadi kichwani, hufikia kadiri ya sentimeta 105. Shingo yake haina alama yoyote; mpigaji huitafuta sauti kwa sikio na kwa mazoea ya kidole. Kuisafirisha ni taabu, na mbele ya ngoma na tarumbeta haisikiki vema. Kati ya miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ndogo ya umeme iliyoshikwa kifuani kama gita, lakini wanunuzi walikuwa wachache, nayo ikasahauliwa. Ndipo mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, alipotoa gita lake aliloliita Precision Bass. Shingoni alipanga vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti, hata mtu asiye na sikio kali aliweza kuipata sauti sawasawa. Na hilo jina maana yake ni usahihi. Uzi alioufupisha ukawa na inchi 34, yaani sentimeta 86 hivi.

Ajabu moja ya mtu huyu ni kwamba hakujua kupiga gita. Maadamu hakujua, ilimbidi kuuliza. Aliwapa wanamuziki vyombo vyake wavipige, akazisikiliza lawama zao, akarudi karakanani. Mimi naona ujinga wake huo ulikuwa wa faida kubwa, kwa maana fundi ajuaye kupiga huupima mkono wa kila mtu kwa mkono wake mwenyewe. Angalia pembe ya juu ya gita lake, ile inayotokeza kandokando ya shingo. Watu wengi hudhani ni pambo. Si pambo, kwenye ncha yake ndipo ukanda unapofungwa, na ncha hiyo hufika karibu na freti ya kumi na mbili.

Ukitaka kujua kwa nini jambo hilo lina maana, kumbuka mchezo wa utotoni: gogo limelala, ubao umewekwa juu yake, na watoto wawili wamekaa huku na huku. Ukilisogeza gogo karibu na mtoto mmoja, mwenzake atashuka, ijapokuwa uzito wao ni sawasawa. Gita lililotundikwa begani ni kama ubao huo, na mahali ukanda ulipofungwa upande wa shingo ndipo penye gogo. Ukipasogeza karibu na kichwa, gita hutulia. Ukiparudisha nyuma kwenye kiwiliwili, shingo yote hubaki ikining'inia hewani pamoja na kichwa na vigingi vyake vya chuma, nayo itashuka tu. Hapo mkono wa kushoto hupewa kazi mbili: kushika nyuzi na kuzuia anguko.

Wala si kila mtu aliyeipokea besi ya Fender kwa furaha. Monk Montgomery, aliyeipiga katika bendi ya Lionel Hampton mwaka 1953, alikuwa mtu wa besi ya kusimama, na mwanzoni hakupendezwa nayo. Alizoeana nayo polepole. Lakini biashara iliona mbele. Mwaka huohuo wa 1953 kampuni ya Gibson, iliyokuwa na kiwanda mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa besi yake yenye umbo la fidla na uzi mfupi wa inchi 30 na nusu, na ikaitia mguu wa chuma ili anayetaka aipige kwa kusimama. Besi zilizofuata za kampuni hiyo, EB-0 ya mwaka 1959 na EB-3 ya mwaka 1961, zilikuwa nyepesi mkononi, lakini sauti yake ilikuwa nzito na yenye ukungu, hata wapigaji wakakiita kinasa chake kwa jina la utani lenye maana ya tope. Jack Bruce wa kundi la Cream aliijua namna ya kulitumia tope hilo. Wengine wengi walizama humo.

Fender alikuwa akiuza, na Gibson walitaka kumfikia. Rais wa kampuni, Ted McCarty, hakumwendea mpigaji wala seremala, bali Ray Dietrich, mchoraji wa miili ya magari. Bwana huyu alikuwa na sifa kubwa. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa karakana ya LeBaron mwaka 1920, na miili aliyoichorea Packard na Lincoln huhesabiwa miongoni mwa iliyo mizuri kabisa katika historia ya magari. Mwaka 1963 likatoka gita alilolichora, likaitwa Thunderbird, maana yake ndege wa radi, kiumbe wa masimulizi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Dietrich aligeuza mambo: pembe iliyotokeza mbele ilikuwa ya chini, na upande wa juu uliteleza kwa nyuma kama mkia wa gari la miaka ile. Shingo ilipita katikati ya kiwiliwili chote kwa mti mmoja mfululizo, toka kichwani hadi mkiani, na kwa mara ya kwanza Gibson walitumia uzi mrefu wa inchi 34 kama wa Fender. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na ya kunguruma. Aliyeisikia hakuisahau.

Sasa, msomaji, wewe uliyekwisha kuujua ubao na gogo, nadhani umekwisha kuyaona yaliyofuata. Pembe ya juu haikuwapo. Ukanda ulifungwa nyuma kabisa, pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Kichwa kilikuwa kikubwa na vigingi vizito. Thunderbird likainama. Na kwa kuwa kichwa chake kimepindishwa nyuma, na mti ni mahogani, gita likianguka chali huweza kuvunjika palepale nyuma ya vigingi. Mafundi wengi wamepata riziki kwa kuunga vichwa hivyo kwa gundi. Wapigaji walibuni tiba za kila namna. Wako waliotafuta ukanda mpana wa ngozi yenye kukwaruza ili usiteleze begani. Wako waliohamisha kifungo cha ukanda. Wako walioondoa vigingi vizito wakatia vyepesi. John Entwistle wa kundi la The Who alikwenda mbali zaidi: mapema katika miaka ya 1970 aliunganisha viwiliwili vya umbo la Thunderbird na shingo za Precision, akapanda nazo jukwaani. Mtu akifikia kukata gita mara mbili na kulioa na la mshindani wake, hapana haja ya kumwuliza kama alilipenda au alilichukia. Jibu ni yote mawili.

Simlaumu Dietrich. Aliagizwa uzuri, akaleta uzuri. Aliyempa kazi ndiye aliyesahau kumwambia kwamba gari halitundikwi begani.

Usidhani aibu hii ni ya Gibson peke yao. Gita la Rickenbacker namba 4001, lililotoka mwaka 1961, lina sauti ing'aayo kama kengele, na wakubwa waliolipiga ni wengi: Chris Squire wa kundi la Yes, Geddy Lee wa Rush, na Lemmy wa Motörhead. Kijana akiwasikia hao huliota gita lao usiku. Akilipata, hukuta ukingo mkali wa ubao ukimkata kigasha cha mkono wa kulia, na kifuniko cha chuma juu ya kinasa, mahali hasa anapotaka kuweka vidole. Wengi hukifungua kifuniko hicho wakakitia sandukuni. Wengine hujilazimisha kupiga wasivyozoea, na baadhi yao hupata kwa njia hiyo sauti yao wenyewe. Nakiri kwamba hilo pia hutokea.

Paul McCartney wa The Beatles alinunua besi yake ya kwanza ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961, kwa kadiri ya pauni 30. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na umbo la fidla, ambalo pande zake mbili zinalingana, halikuonekana limegeuzwa. Ndani ni tupu, na uzito wake ni mdogo sana. Huyo ndiye rafiki wa bega. Lakini daraja lake la mti halikupigiliwa, bali hukaa kwa kukandamizwa na nyuzi tu, na likisogea kidogo sauti hupatana karibu na kichwa zikagombana kadiri vidole vinavyopanda. Tangu mwaka 1965 alipopata Rickenbacker alilitumia sana katika kurekodi, lakini katika safari ya mwaka 1966 jukwaani alionekana na Höfner yake nyepesi. Sikio lilichagua moja, na bega likachagua jingine.

Hata ndani ya nyumba ya Fender mikono haikukubaliana. Shingo ya Precision ya miaka ile ilikuwa na upana wa milimeta 44 hivi karibu na kichwa; Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ilikuwa na milimeta 38. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kidole kidogo, lakini kuna watu waliolia kwa ajili yake.

Yule msichana nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kama nilivyostahili. Mzee alimletea gita la kuazima, la rangi ya udongo, lisilo na sura ya kupigia picha. Siwezi kukuambia kwamba siku ya pili akawa bingwa. Kifundo kilichukua miezi kupona, naye alipomaliza chuo alikuwa na nyimbo nne tu alizoziweza barabara, mbili kati yake za benga, ambamo besi haijifichi nyuma bali huongea na gita la kwanza kama watu wawili wanaojibizana. Lakini alizipiga akiwa amesimama wima.

Ama Thunderbird, mwaka 1965 Gibson walilichora upya, maana ile shingo ya mti mfululizo iligharimu sana. Pembe ya juu ikarefushwa, na shingo ikaungwa kwa gundi. Gita hilo jipya halikupendwa kama la kwanza, na mwaka 1969 likakomeshwa. Kisha mwaka 1976, Marekani iliposherehekea miaka 200 ya uhuru wake, Gibson walilirudisha Thunderbird, wakalirudisha tena mwaka 1987. Na mara zote mbili hawakuchukua lile la pembe ndefu. Walichukua mchoro wa Dietrich wa mwaka 1963, pamoja na kuinama kwake, kwa sababu hilo ndilo wanunuzi walilokuwa wakiliuliza.