Ustawi wa jamii: Malezi ya waliofiwa Kitui na Makueni

Malori yanayotoka Mombasa hulala Emali, Makindu na Mtito Andei, katika Makueni. Kitui nayo, kila mvua inapokosekana, huwatuma vijana wake mijini kutafuta riziki. Kwa njia hizo Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, ulipenya vijiji vya Ukambani, na katika boma nyingi wakabaki nyanya na wajukuu.

Kutokana na msiba huo kilianzishwa Kijiji cha Nyumbani, karibu na Kwa Vonza, Kitui, katika ardhi ya takriban ekari 1,000. Familia za kwanza zilihamia huko mwaka 2006. Mwanzilishi wake, padri Mjesuiti Angelo D'Agostino kutoka Marekani, alikuwa daktari wa upasuaji na wa maradhi ya akili. Mwaka 1992 alifungua jijini Nairobi makao ya watoto wenye virusi vya Ukimwi. Alifariki Novemba 2006.

Kijijini humo nyanya mmoja, aitwaye susu kwa Kikamba, hulea watoto wapatao 10, wakiwemo wasio wa damu yake. Hapo ndipo mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyefunzwa tiba ya nafsi anapohitajika. Mtoto aliyehamishwa amempoteza mama, kisha marafiki, kisha kaburi alilozoea kuliona karibu na nyumba. Si lazima alie: huenda akakojoa kitandani, akanyamaza darasani au akawachokoza wenzake. Susu naye angali anawaombolezea wanawe, na huenda asipende wafu watajwe. Mtaalamu huwapa wote nafasi ya kuwataja.

Kazi nyingine, ambayo vitabu vya ushauri nasaha huigusia kwa nadra, ni shamba. Mtoto akiondoka, ami zake waweza kulitwaa. Sheria ya Urithi humtambua kuwa mrithi, lakini bila cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi, madai yake mahakamani huwa dhaifu. Mtaalamu husaidia kuzitafuta hati hizo mapema.

Tangu mwaka 2022, Kenya ina mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha kwa jamaa. Kwa aliyekulia huko, kurejeshwa ni kuhama tena. Kabla ya siku hiyo, mtaalamu huwatafuta jamaa, huwazuru na kuuliza nani atamlaza mtoto, nani atamlipia karo, na shamba la babake linalimwa na nani.